Sanduku la Saba la Meli ya Bukindo

Alhamisi ya tarehe 13 Agosti 1981, saa moja na robo asubuhi, Mzee Akida bin Sefu alikuwa amesimama ufukweni mwa ziwa, Nungwe, mikono nyuma, akiitazama meli aliyoitumikia miaka ishirini na miwili. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu wakataji wa vyuma wafike: huswali, hunywa chai isiyo na sukari kwa kuwa sukari haikuwapo dukani, kisha huja kuangalia Bukindo yake imepungua kiasi gani. Siku hiyo hakupata nafasi ya kuangalia. Mwanawe Hatibu, mlinzi wa zamu ya usiku, alichomoza kichwa kwenye mlango wa ngama ya pili, akamwita kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na wengine.

"Baba, panda. Silvesta amekufa huku ndani."

Akida alikuwa na miaka sitini na sita na goti moja bovu, lakini ngazi ile aliipanda kama anadaiwa huko juu. Ngama ni chumba cha mizigo, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, imezungushiwa mbao ukutani ili marobota ya pamba yasiguse chuma chenye jasho. Chini yake, karibu na ukuta wa kushoto, alilala Silvesta, msimamizi wa wakataji, Msumbwa wa Ushirombo, kifudifudi. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Mabegani na nywelani alikuwa na vumbi jeupe, na damu ilikuwa imekwisha kukauka.

Jambo jingine Akida aliliona, na ni aibu kusema kwamba lilimkera kabla hata hajamwonea huruma marehemu. Zile mbao za ukutani alizipaka namba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili kila zikitolewa kuoshwa zirudi mahali pake. Sasa ubao wa kumi na saba ulikaa katikati ya wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Akajisemea kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu na kazi, kisha ndipo akapiga magoti, akamgeuza marehemu uso na kumfumba macho.

Sajenti Mageni alifika kwa Landrova kutoka Geita saa tatu na nusu. Alikuwa mtu wa Maswa, mpole, mwenye tumbo na daftari, asiyependa kukaa karibu na maji. Hadi saa saba mchana alikuwa amekwisha kumkamata Hatibu, na mtu akitaka kusema kweli, askari yeyote angefanya vivyo hivyo. Mlango wa ngama ulikuwa na kufuli linalojifunga likibanwa, lenye funguo mbili, mmoja wa Hatibu na mmoja wa Silvesta, na mfukoni mwa Silvesta ufunguo haukuwamo, hivyo aliyejulikana kuwa nao alikuwa Hatibu peke yake. Jumanne Silvesta alimwambia Hatibu mbele ya watu kwamba atamfukuza kazi, maana mabomba ya shaba yalikuwa yakipotea kwenye zamu yake. Jumatano saa kumi alasiri, wanawake wanaoanika dagaa walimwona Hatibu akipanda melini, saa mbili nzima kabla ya zamu, kisha akishuka na kuondoka mbiombio. Tena alikuwa na rungu, kama walinzi wote.

"Jumamosi mchana namsafirisha Mwanza kwa shtaka la mauaji," Mageni alimwambia Akida, akiwa ameshika kofia mkononi. "Samahani, mzee wangu. Nimeandika kilichopo."

Kosa hilo hukumu yake ni kamba, na kila mtu ufukweni alilijua hilo. Zuwena, mke wa Hatibu, mwenye mimba ya miezi saba, hakulia. Alikaa juu ya mchanga akiwa ameshika vile viatu vya mumewe ambavyo askari walimvua. Kamili, mkandarasi wa Shinyanga aliyeinunua meli iwe vyuma chakavu, alisema kwamba anasikitika sana, ila gesi ya kukatia imekwisha kufika kutoka Mwanza, na Jumamosi saa sita ngama ya pili itaanza kukatwa. Mabati yake yalikuwa yakisubiriwa Maganzo, ambako wachimba almasi huyageuza kuwa machekeche na mabeseni ya kuoshea mchanga.

Jioni Zuwena alimfuata mkwewe barazani. "Baba," alisema, "hiyo meli unaijua kuliko unavyotujua sisi. Basi kaiulize."

Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yalimchoma Akida, kwa sababu yalikuwa kweli. Nungwe nzima ilimjua kama mtu wa Bukindo. Kila alasiri alikaa kwenye benchi la kahawa akaisimulia meli hiyo tangu kuzaliwa kwake: kwamba mwaka 1943, vita vikiwa vimechacha, iliundwa Ulaya kwa haraka kiasi kwamba hawakupata hata muda wa kuipiga ribiti, zile pini za chuma za kuungia mabati, ikachomelewa kwa moto tu kuanzia omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma, kwamba ililetwa vipande vipande kwa treni mpaka Kisumu ikaungwa huko, kwamba yeye alipanda mwaka 1944 akiwa kijana wa kufagia na akashuka akiwa serahangi, mkuu wa mabaharia. Ilibeba mpunga wa askari, kisha pamba, kisha mashine na baruti za mgodi wa dhahabu, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966 na meli ikakosa cha kubeba. Mwaka 1979 ikaamshwa mara ya mwisho kupeleka mahindi ya wanajeshi wa vita vya Kagera, naye akaitwa tena kwa safari sita. Ilizaliwa vitani, ilistaafu vitani, alikuwa akisema, na watu walitikisa vichwa.

Lakini hadithi waliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya sanduku la saba. Siku mgodi ulipofungwa, alisimulia Akida, masanduku saba ya dhahabu yaliingizwa Bukindo, na Mwanza yakateremshwa sita. La saba liko wapi? Hapo hunyamaza, huinua kikombe, hutazama upande wa meli na kusema kwamba saruji haina mdomo. Wasikilizaji walicheka, na mara nyingi mtu mmoja wao alimlipia kahawa.

Usiku ule hakulala. Kulipopambazuka Ijumaa alipata lifti ya lori la mihogo, akaingia Geita saa mbili na nusu.

Kituoni Mageni alimpa shikamoo, akamruhusu aonane na mwanawe kwa robo saa. Hatibu alikuwa amevimba jicho. Alisema kwamba Jumatano alikwenda melini mapema kumwomba Silvesta amwonee huruma, kwa sababu ya mimba ya Zuwena. Alipofika juu hakumwona mtu. Akasikia nyundo ikilia.

"Ilikuwa inalia wapi?" Akida akauliza.

"Chini ya miguu yangu, baba. Ngama ya pili. Nikaita mara mbili, nyundo ikanyamaza, mtu hakujibu. Nikaona labda ananikasirikia. Nikaondoka."

"Jioni uliporudi?"

"Mlango umefungwa kwa kufuli. Nikakaa zamu yangu mpaka asubuhi juu ya maiti, sijui."

Kijana akaficha uso. Akida alitamani kumshika kichwa kama alipokuwa mdogo, lakini kati yao kulikuwa na nondo.

Aliporudi kwa sajenti alimweleza habari ya nyundo. Mageni akasema si habari mpya. Wanawake wa dagaa nao waliisikia, tangu saa tisa hadi karibu saa kumi na moja, na mwenyewe alikwisha kujieleza: Donatus, fundi wa kukata. Siku hiyo gesi iliwaishia. Dereva Valerian akatumwa Mwanza kuifuata, na saa nane Silvesta akawaruhusu vibarua kwenda nyumbani. Donatus akabaki peke yake mbele, kwenye omo, akifanya kazi ya mkono kwa nyundo na tindo.

"Kazi gani?"

Mageni akafungua daftari, akasoma polepole. "'Nilikuwa nakata ribiti za omo mpaka saa kumi na moja kasoro.' Na si maneno matupu, mzee wangu. Mfuko wake wa vifaa nimeupekua kama mifuko ya wenzake wote. Hizi hapa." Akamimina juu ya meza vichwa vya ribiti, vilivyokatwa karibuni, ving'aavyo upande mmoja. "Ishirini na viwili. Nimevihesabu."

Akida alivitazama. Alijua vimetoka wapi, na alijua pia kwamba akilisema hilo ataulizwa swali la pili, na baada ya swali la pili ataulizwa la tatu. Basi akafanya jambo ambalo baadaye hakujisamehe: alinyamaza, akauliza habari nyingine.

"Hilo vumbi jeupe mwilini mwa Silvesta, afande, umeliandikaje?"

"Unga. Hatibu alikuwa na mfuko wa unga wa mgawo jioni ile."

"Unga wa mgawo mwezi mzima huu ni wa njano. Hata wewe jana umekula ugali wa njano."

Mageni aliacha kuandika. Akapiga mstari chini ya neno 'unga' katika daftari lake.

Nje, kwenye benchi la ukutani, alikaa mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, rozari shingoni, vumbi la safari hadi magotini. Alisimama kwa heshima, akamwamkia. Alikuwa Febronia, mjane wa Silvesta, amekuja kutoka Ushirombo kuchukua mwili.

"Wewe ndiye baba wa aliyemuua?" aliuliza.

"Mimi ni baba wa Hatibu, mwanangu. Lakini Hatibu hakuua."

"Basi nani? Nina watoto watano, wataniuliza."

Akida akashika njia kwenda Kalangalala, mtaa wa magereji hapo Geita, moyoni akiomba kwamba muuaji awe Valerian. Mtu mwenye lori huwa na mambo mengi, na akiwa yeye, basi meli na hadithi zake hazihusiki. Tena kulikuwa na sababu: mwenye gereji moja ya huko alimwambia kwamba Jumatano Valerian hakwenda Mwanza moja kwa moja. Lori lake lilionekana Geita hadi saa tisa na nusu, na angeweza kabisa kurudi Nungwe.

Valerian alikuwa chini ya lori lake, miguu nje. Alitoka taratibu, mikono imejaa grisi, akaanza kwa kukana kila kitu. Akida akamwambia kwamba kuna kijana anakwenda kunyongwa, na kwamba yeye hana haja na wizi mdogomdogo. Ndipo dereva akasema. Mabomba ya shaba aliyaiba yeye, akamuuzia dalali wa Maganzo aliyekuja Kalangalala siku ile. Saa tisa na nusu aliondoka, na saa kumi na mbili kasoro robo alikuwa kwenye kizuizi cha polisi karibu na Mwanza, ambako walimwandikia faini kwa taa mbovu. Akatoa karatasi. Saa, tarehe na mhuri vilikuwapo.

"Hatibu ametukanwa kwa ajili yangu," Valerian alisema. "Mwambie anisamehe."

Akida akarudisha karatasi ile. Hakuwa amebakiwa na mtu wa kumsingizia.

Alasiri ile ile alipanda tena Bukindo. Askari aliyewekwa pale alikuwa amelala kivulini na kofia usoni. Akida alianzia omo. Alipapasa mabati kwa viganja, kutoka juu hadi chini, kushoto na kulia, ingawa alijua kabla ya kugusa. Kisha akateremka ngama ya pili, akasimama mbele ya ubao wa kumi na saba uliokaa pasipo pake. Pembeni yake chini palikuwa na vumbi jeupe. Akalisugua kwa vidole, likakwaruza. Hakuhitaji kuuondoa ubao. Alikaa juu ya sakafu ya chuma, mzee mzima, akalia kwa sauti.

Kwa Donatus alikuwa na deni la namna yake. Donatus alichimba almasi Maganzo miaka sita asipate jiwe la maana. Mke akamwacha, shimo likamporomokea, akapoteza vidole viwili. Ndiye aliyekaa karibu zaidi kwenye benchi la kahawa. Ndiye aliyelipia vikombe vingi. Na asubuhi ile ya msiba, Akida aliposhuka ufukweni, ndiye aliyemletea kigoda na kumshika bega.

Jumamosi saa moja asubuhi Akida alikuwa mlangoni mwa kituo. Alimwomba Mageni awakusanye wote melini saa nne, kabla gesi haijawashwa, na amlete Hatibu pia.

"Nikikosea, mpeleke Mwanza," alisema. "Sitakusumbua tena."

Saa nne na dakika kumi walikuwa watu kumi na mmoja juu ya sitaha: sajenti na askari wawili, Hatibu katika pingu, Zuwena, Kamili aliyekuwa akitazama saa yake, Valerian, vibarua wawili, Donatus, na Febronia aliyesema kwamba haondoki na mwili bila kusikia. Akida aliwaongoza omo.

"Donatus, mwanangu," alisema, "Jumatano ulikuwa unakata ribiti hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Nionyeshe."

"Nimezikata zote. Zilizobaki ni vichwa, anavyo sajenti."

"Ribiti ikikatwa huacha tundu. Nionyeshe tundu moja."

Donatus akatazama bati. Wote wakatazama. Lilikuwa laini toka upande huu hadi ule, limeunganishwa kwa mishono ya moto tu. Akida akamgeukia Mageni, akaeleza bila haraka kwamba meli hii ni ya wakati wa vita, iliyochomelewa, na kwamba kwa miaka yote ya maisha yake haikuwa na ribiti hata moja, isipokuwa mahali pamoja.

"Mwaka 1958 tuligonga mwamba tukiingia hapa Nungwe, mshono wa ngama ya pili ukafunguka. Hapakuwa na umeme wa kuchomelea. Nahodha akamwita mhunzi wa mgodini na mivukuto yake. Tukaziba kwa saruji kwa ndani, tukafunika kwa bati, na mhunzi akalipiga ribiti. Zilikuwa ishirini na nne, nilimshikia koleo mimi mwenyewe. Juu yake tukarudisha mbao. Asiyeondoa mbao hawezi kujua kama kuna kiraka."

"Mimi nimevikuta vichwa ishirini na viwili," Mageni alisema taratibu.

"Twende tukatafute viwili."

Walishuka. Akida akautoa ubao wa kumi na saba, kisha jirani zake. Nyuma yake bati la kiraka lilikuwa limeegeshwa tu, na pembeni mwake yalionekana matundu, ambayo Mageni aliyahesabu kwa kidole: ishirini na manne. Askari mmoja akaingiza mkono kwenye mfereji wa maji machafu chini ya ukuta, mahali ambapo Akida alimwelekeza, akatoa vipande vya saruji, kichwa cha ribiti, kisha kingine. Mara ya tatu akatoa ufunguo wa Silvesta.

Mageni akalisogeza bati. Saruji ilikuwa imevunjwa kwa tindo, na katikati yake palikuwa na shimo tupu, la mraba, lenye pembe nne zilizonyooka. Mtu yeyote aliyeliona angesema kwamba hapo palikuwa na sanduku.

Kisha Donatus akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Mnaona sasa. Lilikuwapo. Mzee hakusema uongo." Akamwonyesha Febronia kwa mkono wenye vidole vitatu. "Mwulizeni huyu mume wake alilipeleka wapi. Tulikubaliana nusu kwa nusu. Nilimwonyesha mimi saruji ya mzee ilipo, nikafungua mimi, naye alikuwa na ufunguo. Saruji ikikaribia kwisha nilipanda kuchungulia nje, niliporudi shimo lilikuwa tupu; kumbe amekwisha kunitangulia. Nilimuuliza mara tatu, kwa upole. Akaniambia, labda hapakuwa na kitu, labda yule mzee hutudanganya ili tumnunulie kahawa. Alikuwa anacheka. Miaka sita nimekula vumbi la Maganzo, yeye ananicheka."

"Ukampiga," Mageni alisema.

"Nilikuwa na nyundo mkononi."

Hapo Mageni angeweza kufunga daftari lake. Hatibu alikuwa amekwisha kuokoka, na Akida angeweza kunyamaza. Sanduku la saba lingebaki hadithi, na yeye angebaki mwenye hadithi. Alimwona Febronia akilitazama lile shimo. Aliona mawazo yakimwingia mjane yule, kwamba mumewe alikuwa mwizi, na kwamba kuna dhahabu mahali fulani aliyowaficha watoto wake.

"Donatus," alisema. "Hapo palikuwa na kopo la biskuti za jeshi. Kopo kubwa la mraba, la wakati wa vita. Saruji ilikuwa haba, nikaliingiza katikati ili lijaze nafasi. Lilikuwa tupu. Limeliwa na kutu, likaacha umbo lake."

"Na sanduku?"

"Mgodi ulipofungwa tulibeba vitanda vya wazungu na piano moja. Dhahabu haikupita kwetu kamwe, ilikuwa inapelekwa kwa ndege. Sanduku la saba nililitunga mimi. Meli ilikuwa imesimama, watu wameanza kunipita bila kunisalimu. Siku niliyosema habari ya dhahabu, benchi lilijaa."

Donatus aliingiza mkono katika lile shimo, akapapasa ndani, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoutoa, kiganja kilikuwa na wekundu wa kutu. Akaitazama kutu ile, akakaa sakafuni pale pale Silvesta alipokuwa amelala.

"Mzee," alisema, "si ungeniambia. Hata mara moja tu, tukiwa wawili."

Mageni alimfungua Hatibu pingu akamfunga Donatus, pingu zile zile. Zuwena alimkumbatia mumewe. Hatibu alimtazama baba yake juu ya bega la mkewe, muda mrefu, kisha akageuza uso. Kwa miaka yote ya utoto wake alikuwa akiwapiga wenzake waliosema kwamba baba yake ni mwongo.

Febronia ndiye aliyemkaribia Akida. Hakumpigia kelele.

"Nilikuuliza kituoni nitawaambia nini watoto. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeanza kujua."

"Mimi siwezi kuwaambia haya. Hayaingii kinywani mwangu. Utakuja uwaambie wewe."

Saa tisa alasiri lori la Valerian liliondoka Nungwe, limepakia jeneza na mabati mawili ya omo yaliyokuwa yakienda Maganzo. Akida alikaa nyuma juu ya mabati, mkono mmoja ukilishikilia jeneza lisiteleze kwenye mashimo ya barabara. Hapakuwa na aliyemlazimisha. Hatibu alikuja ufukweni lori likiwasha injini, akampa koti lake, na Akida akalivaa.

Silvesta alizikwa Ushirombo Jumapili baada ya misa. Watu walipotawanyika, Febronia aliwaita watoto wake, akawakalisha juu ya mkeka kwa umri wao, akaweka kigoda mbele yao. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, Salvina, mwenye paji la uso la baba yake.

"Shikamoo, babu," Salvina alisema. "Mama amesema wewe unaijua habari yote."

Akida alizoea kuanza na vita, na treni, na Kisumu. Alizoea kunyamaza mahali pazuri na kutazama mbali. Aliwatazama watoto wale mmoja mmoja, mdogo kabisa akiwa bado na kipande cha ugali wa njano mkononi.

"Marahaba," alisema. "Baba yenu hakuiba kitu. Ile meli ilikuwa haina chochote ndani, na mimi nilijua."